Usiku wa Miritini: jinsi ratiba ya treni ilivyojenga biashara ya gesti

Kwa miaka mingi abiria wa treni ya Nairobi hakuhitaji kutafuta chumba cha kulala Mombasa usiku wa manane. Treni yenyewe ndiyo iliyokuwa chumba. Iliondoka Nairobi mwendo wa saa moja jioni na kufika kisiwani siku ya pili, jua likiwa limeshapanda. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, la pili vitanda vinne, na la tatu viti vitupu. Mtu akiteremka stesheni ya zamani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, Mwembe Tayari ilikuwa hatua chache mbele, chai na mahamri viko tayari, na siku nzima ya kutafuta pa kufikia.

Reli hiyo ilizoea kumtunza msafiri wake tangu mwanzo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, Nairobi ikafikiwa 1899 na Kisumu 1901. Miaka hiyo ya kwanza mabehewa hayakuwa na mgahawa, kwa hiyo treni ilisimama Voi na Makindu, abiria wakateremka kula katika nyumba za wageni zilizojengwa kwa mtindo ulioletwa kutoka India. Chakula na malazi vilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya kusafirisha watu.

Tarehe 31 Mei 2017 hesabu hiyo ilibadilika. Rais Uhuru Kenyatta alizindua Madaraka Express kwenye reli mpya ya SGR yenye urefu wa kilomita 472 kati ya Mombasa na Nairobi, na safari iliyokuwa ikila usiku mzima ikawa ya saa tano na kitu. Ushindi huo si mdogo, na yeyote aliyewahi kukwama na treni ya zamani katikati ya nyika ya Tsavo ataukubali. Ila mambo mawili yaliondoka pamoja na treni hiyo. La kwanza ni kitanda, kwa sababu Madaraka Express ina viti tu, na vile vya daraja la kawaida havilali nyuma. La pili ni stesheni ya mjini. Jengo jipya, lenye paa la duara juu ya duara mfano wa mawimbi, lilijengwa Miritini, bara, ng'ambo ya Makupa na Changamwe, katika eneo bunge la Jomvu lililomegwa kutoka Changamwe kabla ya uchaguzi wa 2013.

Hapo ndipo gesti za Miritini zilipopata kazi mpya.

Ni kazi mpya, maana gesti zenyewe zilikuwapo kabla ya SGR. Barabara kuu ya kwenda Nairobi, kuanzia Changamwe kupita Mikindani, Jomvu na Miritini hadi Mazeras na Mariakani, imelisha na kulaza madereva wa malori kwa vizazi. Dereva alikuwa mteja wa uhakika. Alisubiri kontena bandarini au foleni ya mizani Mariakani, akalala usiku mmoja au mitatu, akala, akafuliwa nguo, akalipa. Gesti nyingi za ukanda huu zilijengwa kwa mahitaji yake, na ushahidi uko wazi hadi leo: uwanja mpana wa kuegesha magari mbele, vyumba vidogo vilivyopangana nyuma, na hoteli ya chakula upande wa barabara.

Reli iliyowaletea wenye gesti abiria ndiyo hiyo hiyo iliyowanyang'anya madereva. Treni za mizigo za SGR zilianza mwanzoni mwa 2018. Agosti 2019 Mamlaka ya Ushuru na Mamlaka ya Bandari zikatoa tangazo kwamba mizigo inayoingia nchini isafirishwe kwa reli hadi bohari ya makontena Nairobi. Mombasa iliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, na waliokuwa barabarani hawakuwa wenye malori peke yao. Kila kontena lililopanda treni lilikuwa dereva na turniboi wasiolala Jomvu, sahani mbili za wali zisizouzwa Miritini. Kabla ya mwaka kwisha serikali ilisitisha tangazo hilo, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Malori yamerudi, lakini mwenye gesti aliyepitia miaka ile alijifunza kutotegemea mteja wa aina moja. Akaanza kuisoma ratiba ya treni.

Ratiba yenyewe ni fupi. Kutoka kila upande treni huondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ile ya asubuhi inayosimama njiani, Mtito Andei, Voi, Mariakani na kwingineko, hufika Miritini alasiri mapema, kukiwa bado kweupe. Abiria wake hupanda matatu au teksi akaendelea Diani, Malindi au kwake Kisauni. Huyo gesti haimpati.

Anayepatikana ni wa treni ya saa tisa. Hufika Miritini baada ya saa mbili usiku, pamoja na umati, kwa kuwa treni moja ikijaa hubeba zaidi ya watu elfu moja. Wote hutoka kwa lango moja kwa wakati mmoja. Wenyeji wa kisiwani hukimbilia matatu za mjini. Anayekwenda Lamu hana basi hadi asubuhi, na njia yake ni ya kusafiri mchana kwa sababu za usalama. Mwenye ndege ya alfajiri yuko karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi kuliko mtu yeyote aliye kisiwani, na kuvuka Makupa kwenda kulala mjini kisha kurudi ni kulipa njia mara mbili. Mama mwenye watoto wawili na mabegi matatu anataka mlango wa karibu tu. Hao ndio wa saa tatu usiku, na hulipa bei ya usiku mzima bila maneno mengi.

Kisha kuna wa alfajiri. Treni iliyotoka Nairobi saa nne usiku humwaga abiria wake mwendo wa saa kumi alfajiri, na huu ndio wakati mgumu kuliko yote. Kumlipisha mtu usiku mzima ilhali kumebaki saa mbili kuche si haki, na yeye anajua. Kumkataa ni kumwacha gizani na mzigo. Gesti zinazojua kazi humpa bei ya saa, au humuuzia chumba hadi saa nne asubuhi. Zisizojua humtajia bei kamili, akaondoka akakaa kibandani kwa muuza chai hadi adhana, chumba kikabaki kitupu.

Kwa upande wa kuondoka, treni ya saa mbili asubuhi ndiyo inayolaza watu, na sababu ni ukaguzi. Abiria hutakiwa afike mapema, saa nzima au zaidi kabla ya safari. Langoni mabegi hupangwa mstari chini, wenyewe wakasogea pembeni, mbwa wakapitishwa kunusa, ndipo mzigo ukaingia kwenye mashine na mtu akaonyesha kitambulisho na tiketi. Mtu wa Likoni akitaka kuwa pale saa moja asubuhi alilazimika kuvuka feri, kukatiza kisiwa, kupita Makupa na kuomba Mungu Changamwe isiwe imefunga. Wa Kisauni alikuwa na daraja la Nyali la kupita kabla ya hayo yote. Kulala Miritini kulikuwa bima ya tiketi yake.

Barabara ya Dongo Kundu imeligusa jambo hili. Inaunganisha Miritini na upande wa Kwale kwa madaraja ya Mwache na Mteza, bila feri na bila kuingia kisiwani, na anayetoka Ukunda leo anaweza kuondoka nyumbani alfajiri akaiwahi treni. Wenye gesti wamepoteza sehemu ya wateja wa kusini. Kwa msafiri ni nafuu kubwa, na hakuna sababu ya kumsikitikia mtu anayelala kitandani kwake. Wa Kisauni bado anayo shida yake ile ile.

Sasa tazama jinsi hesabu inavyofanywa. Tuchukulie gesti ya vyumba kumi na viwili, kila kimoja shilingi 1,000 kwa usiku. Usiku wa kawaida vimeuzwa saba: shilingi 7,000. Wageni wa saa tatu usiku huondoka saa kumi na mbili asubuhi, vyumba vikafagiliwa, shuka zikabadilishwa, na kufika saa nne viko tayari. Mchana wanakuja wanaosubiri treni ya saa nne usiku, waliokwisha kuhama hoteli zao za pwani na hawana pa kuweka mabegi. Vikiuzwa vyumba vinne kwa nusu bei, ni shilingi 2,000 zaidi. Gharama ya nyongeza hiyo ni shuka jozi nne na maji ya kuoga. Kodi ya nyumba, mlinzi na leseni vimeshalipwa na usiku. Faida ya gesti ya stesheni imo katika kitanda kinacholaliwa mara mbili kati ya jua na jua, na anayeuza usiku peke yake anajinyima.

Bei nayo ina dari. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Abiria wa shilingi 1,500 huupima usiku wake kwa kipimo cha nauli, na chumba kikizidi tiketi anaona kilichobaki ni kuwapigia jamaa wa Mikindani simu. Ndiyo maana pesa ndogo ndogo za matumizi zina uzito, na ya kwanza kati ya hizo ni maji.

Mombasa hunywa maji ya mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likikauka, yanakuja kwa mkokoteni, mitungi ya lita ishirini. Gesti iliyojengwa kwa akili ina matangi mawili juu ya paa, moja la maji baridi ya kuoga, la pili la maji ya chumvi ya kisima yanayokwenda chooni na kupigia deki. Mgeni mmoja akioga jioni na asubuhi humaliza mitungi miwili au mitatu; choo kikitumia maji hayo hayo matamu, mkokoteni haupumziki. Mabomba mawili yaliyotenganishwa siku ya ujenzi ni gharama ya mara moja. Yasipotenganishwa ni hasara ya kila siku.

Chumba chenyewe huonyesha kama mjenzi alimfikiria mgeni. Kitanda cha futi nne kwa sita, neti iliyofungwa fundo juu, feni, ndoo na kata bafuni. Madirisha mawili yanayotazamana huingiza kusi na kaskazi kwa zamu zake, na chenye dirisha moja hupika mtu hata feni ikizunguka. Vyumba vya nyuma ndivyo vya kulala, kwa sababu mbele malori hayanyamazi. Na soketi iwe karibu na mto. Tiketi siku hizi hukatwa kwa simu, kwa *639# au mtandaoni, ikalipiwa kwa M-Pesa, na namba iliyotumwa ndiyo inayochapisha tiketi kwenye mashine stesheni. Simu ikizimika usiku, asubuhi ni kilio langoni. Mwenye gesti anayesahau kununua tokeni za umeme, taa zikakata saa nane usiku, amemharibia mtu safari pamoja na usingizi.

Upande wa sheria mzigo si mwepesi. Kuna leseni ya kaunti, usajili wa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mapato. Daftari la wageni, lenye jina na namba ya kitambulisho, ndilo ulinzi wa kwanza wa mgeni na wa mwenye nyumba, na gesti isiyokuwa nalo ni ya kukimbia. Mapema 2024, baada ya mauaji katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, serikali iliagiza nyumba hizo nazo zisajiliwe. Miritini zimejaa, kwenye vyumba vya kupangisha vilivyowekwa pazia na kuitwa BnB.

Dar es Salaam ilipita njia nyingine. SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inaanzia katikati ya jiji. Anayeshuka Stesheni ya Magufuli usiku anazungukwa na nyumba za wageni za kila bei, na hakuna aliyelazimika kuzibuni upya. India imekwenda mbali zaidi: stesheni zake kubwa zina vyumba vya kupumzikia ndani ya jengo, vinavyouzwa kwa mwenye tiketi kwa namba ya tiketi yake, kwa saa kumi na mbili au siku nzima.

Hicho ndicho Shirika la Reli la Kenya linachoweza kufanya Miritini bila kungoja mradi mkubwa. Abiria linao, namba za tiketi linazo, na linajua kwa dakika treni ya usiku inafika lini. Litenge vyumba vichache vya bei nafuu ndani ya uzio kwa ajili ya wanaoshuka alfajiri, hasa akina mama na wazee. Serikali ya Kaunti ya Mombasa nayo iweke taa za uhakika kutoka langoni hadi barabara kuu. Na wenye gesti waandike bei ya saa ukutani, mahali mgeni wa saa kumi alfajiri ataisoma kabla ya kuuliza.