Wema Bila Imani: Al-Ghazali Asisomwe Nusu
Wapo wanaokitolea hoja kitabu cha Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H/1111), Faysal al-Tafriqa, kwamba asiyeamini ataokoka maadamu ana tabia njema. Usomaji huo una kasoro. Imamu aliwagawa wasio Waislamu mafungu matatu: wasiopata kulisikia jina la Mtume (s.a.w.), hao wana udhuru, waliofikiwa na habari zake sahihi wakazikataa, hao hawana, na waliosikia sifa zake zikiwa zimepotoshwa, hao aliwahesabu pamoja na wa kwanza. Kipimo chake, basi, ni kufikiwa na ujumbe, si wema wa mtu.

Hadithi ya Ibn Jud'an katika Sahih Muslim yabainisha hilo. Bibi Aisha (r.a.) aliuliza kama kuunga kwake udugu na kulisha maskini zama za Jahiliya kutamfaa. Mtume (s.a.w.) akajibu hakutamfaa, kwani hakupata kumwomba Mola wake msamaha.

Lakini anayemhukumia Moto kila jirani asiye Mwislamu naye amelisahau fungu la tatu. Je, jirani huyo amemjua Mtume (s.a.w.) kwa sura gani kupitia kwetu? Hilo ndilo tutakaloulizwa sisi.

Wallahu a'lam.