Jinsi Anne Washburn alivyogeuza katuni kuwa kisasili

Tamthilia ya Anne Washburn, Mr. Burns, a Post-Electric Play, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Washington mwaka 2012, inafunguka kwa watu wachache wanaoota moto usiku. Umeme umetoweka Marekani nzima na mitambo ya nyuklia imeharibika. Wanachofanya ni kukumbushana kipindi kimoja cha katuni ya The Simpsons, "Cape Feare" cha mwaka 1993. Huyu anaanza, yule anamsahihisha, wa tatu anacheka kabla kichekesho hakijafika.

Mazungumzo hayo hayakubuniwa yote. Mwaka 2008 Washburn aliwaketisha waigizaji wa kundi la The Civilians, akawataka wakikumbuke kipindi hicho, akawarekodi. Kusitasita kwao na kurudi nyuma kutafuta neno lililowaponyoka kumeingia katika sehemu ya kwanza. Ndiyo maana tunaamini yote yanayofuata: tumeshaona hadithi ikianza kupinda mdomoni mwa watu wanaojitahidi kuisema ilivyo. Kipindi chenyewe nacho kilichaguliwa kwa akili, kwani kinaigiza filamu ya 1991 ambayo nayo ilirudia ya 1962.

Miaka saba inapita. Sasa wale waliokuwa wakiota moto ni kundi la maigizo linaloshindana na mengine, na mistari ya katuni hununuliwa kwa anayeikumbuka. Hata matangazo ya biashara yanaigizwa, maana watazamaji wana kiu ya vitu vilivyopotea.

Kisha Washburn anaruka miaka 75. Mchezo mzima unaimbwa, kwa muziki wa Michael Friedman. Mhalifu wa kipindi cha asili, Sideshow Bob, hayupo; anayemwinda mtoto Bart ni Bwana Burns, ambaye katika katuni ni tajiri mwenye mtambo wa nyuklia. Hakuna mhusika anayetueleza badiliko hilo, wala haihitajiki. Watu walioangamizwa na mionzi wamempa adui yao sura, na mtoto mtundu wa katuni, aliyebaki peke yake baada ya familia yake kuuawa, amekuwa shujaa wao.

Wapo watakaoona pengo hilo la miaka 75 ni kubwa mno. Mimi naona angelijaza, angeiua tamthilia. Mwandishi wetu anayetaka kuandika juu ya kesho asianze na magofu. Awaketishe watu watano, awaombe wasimulie filamu wanayoipenda, kisha asikilize wanapokosea.