Tanuru la Wafipa katika Skeli ya 1:87: Uchambuzi wa Ujenzi wa Majengo Madogo ya Reli ya Mfano

Reli ya mfano ni mandhari yanayojengwa juu ya meza au ubao mpana, ambamo treni ndogo hupita kati ya vilima, mashamba na majengo yaliyopunguzwa ukubwa kwa uwiano mmoja usiobadilika. Uwiano huo ndio unaoitwa skeli, na skeli iliyoenea kuliko zote duniani ni ya 1:87, maana yake kila sentimita 87 za jengo halisi huwa sentimita moja mezani. Miniatur Wunderland ya Hamburg, Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 2001, imejengwa kwa skeli hiyo. Kwa kuwa treni nyingi za mfano hununuliwa zikiwa tayari kutoka kiwandani, ufundi wa mjenzi hupimwa zaidi katika majengo, ambayo asipoyajenga mwenyewe hubaki na mandhari ya nchi ya mtu mwingine.

Uchambuzi huu unaitazama kazi hiyo kwa kutumia majengo ya nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania. Reli haifiki Sumbawanga, mji mkuu wa mkoa huo. Mojawapo ya zilizo karibu ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo huvuka mpaka wa Zambia katika mji wa Tunduma, ambako pia barabara ya kwenda Sumbawanga huanzia. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 1,067, na katika skeli ya 1:87 upana huo huwa milimita 12.3, hivyo njia ya mfano yenye milimita 12, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya reli nyembamba, inafaa kwa tofauti ndogo mno. Kwa msingi huo, mandhari yenye kituo cha Tunduma upande mmoja na vijiji vya Ufipa upande wa pili yanaweza kujengwa bila kuvunja uwiano, ingawa mjenzi atakuwa ameufupisha umbali ulio kati ya pande hizo mbili.

Jengo linalostahili kutangulia katika mandhari hayo ni ilungu, yaani tanuru refu la kuyeyushia chuma, ambalo kwa wingi huitwa malungu. Wafipa, wenyeji wa nyanda hizo, walilijenga kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu kilichowapatia udongo huo, likiwa na umbo la pia iliyokatwa ncha na kimo cha takriban mita tatu. Chini palizungushiwa matundu ya kupitishia mirija ya udongo, na kupitia mirija hiyo hewa iliingia yenyewe kwa nguvu ya moto uliopanda juu, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na uchafu, kwa hiyo kilipelekwa katika kintengwe, tanuru dogo lisilofikia mita moja, ambalo lilitumia mivukuto, ili kisafishwe kabla ya kufuliwa majembe na silaha. Ujuzi huo uliandikwa na watafiti kadhaa, wakiwamo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Randi Barndon wa Norwei, na mabaki ya malungu bado yanaonekana katika maeneo ya Nkasi na Sumbawanga.

Hatua ya kwanza ya mjenzi ni kupima, nayo ndiyo hatua inayotofautisha jengo dogo na kichezeo. Katika skeli ya 1:87, ilungu la mita tatu huwa na kimo cha milimita 34.5, kintengwe huwa chini ya milimita 11.5, na mtu mzima wa sentimita 170 aliyesimama kando yake huwa milimita 19.5. Tundu la sentimita 30 huwa milimita 3.4, na kosa la milimita moja katika tundu hilo ni sawa na kosa la sentimita 8.7 katika tanuru halisi, kiasi kinachotosha kumdanganya mtazamaji kuhusu namna hewa ilivyoingia. Ndiyo maana vipimo huchukuliwa kwenye jengo lenyewe kwa futi kamba: mzunguko wa chini, mzunguko wa juu, kimo, unene wa ukuta, na nafasi kati ya tundu moja na jingine. Picha hupigwa kutoka pande zote huku ufito wenye alama za sentimita ukiegemezwa ukutani, ili kipimo kilichosahaulika kiweze kukokotolewa baadaye.

Hatua ya pili ni kuchagua malighafi, na hapa hutokea kosa la kudhani kwamba udongo huigwa vizuri zaidi kwa udongo. Chembe ya mchanga yenye upana wa nusu milimita, ikiachwa katika udongo wa mfinyanzi, itaonekana mezani kama jiwe la sentimita nne lililopachikwa ukutani. Kwa sababu hiyo wajenzi wengi hutumia plasta laini, ambayo hupakwa juu ya kiini cha karatasi ngumu kilichokunjwa kama pia, kisha kabla haijakauka hukwaruzwa kwa sindano ili kuonyesha mistari ya mabonge ya udongo yaliyopangwa moja juu ya jingine. Matundu huachwa wazi tangu mwanzo katika kiini, kwa kuwa plasta iliyokauka hupasuka inapotobolewa.

Kwa nyumba za vijiji vya Ufipa, ugumu mkubwa zaidi huwa katika paa la nyasi. Unyasi wenye unene wa milimita tatu, ukipunguzwa mara 87, huwa na milimita 0.03, ambao ni wembamba kuliko unywele wa binadamu. Hakuna nyasi halisi inayoweza kutumika, na hata uzi wa mkonge wenye unene wa milimita 0.2 ungeonekana kama ufito wa sentimita 1.7. Suluhisho mojawapo lilitoka katika jumba la makumbusho la Pendon, Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1954 na Roye England, Mwaustralia aliyesikitishwa na kuharibiwa kwa nyumba za kale za vijijini, akaamua kuzihifadhi kwa kuzijenga upya katika skeli ya karibu 1:76. Wajenzi wa Pendon walitumia katani laini (hemp, si mkonge) ya mafundi bomba, ambayo huchanwa nyuzinyuzi, hubandikwa kwa mafungu madogo kuanzia ukingo wa chini kwenda juu kama mwezekaji anavyofanya, kisha hukatwa kwa mkasi hadi unene wa paa ulingane na kipimo.

Mji wa Sumbawanga wa leo una kuta za tofali za kuchoma na mapaa ya bati, navyo vina kanuni zake. Bati la migongo lenye mawimbi yanayoachana kwa milimita 76 huhitaji mezani mawimbi yanayoachana kwa milimita 0.87. Nyuzi za boliti ya kawaida ya milimita 5 huachana kwa milimita 0.8, kwa hiyo karatasi nyembamba ya alumini inayolazwa juu ya boliti kama hizo zilizopangwa sambamba na kukandamizwa kwa mpira hutoa bati linalokaribia kipimo bila mashine yoyote ya gharama. Tofali nazo hazijengwi moja moja. Mistari yake huchorwa kwa ncha ya chuma juu ya karatasi ngumu ya manila, kisha kila tofali hupakwa rangi yake, kwa kuwa tofali za tanuru moja la kienyeji hutofautiana kuanzia nyekundu iliyoiva hadi kahawia iliyoungua.

Rangi hutawaliwa na umbali. Mtazamaji anayesimama nusu mita kutoka mezani huwa kana kwamba anaitazama nyumba halisi kutoka mita 43.5, na wajenzi wengi huona kwamba kwa umbali huo hewa na vumbi huzififisha rangi. Mjenzi kwa hiyo huchanganya kijivu au nyeupe kidogo katika kila rangi, la sivyo jengo huonekana kama limepakwa jana. Umbali huohuo huweka mipaka ya mandhari yenyewe: ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unaoshuka takriban mita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi bonde la Ziwa Rukwa, ungehitaji kimo cha mita 11.5 kama ungejengwa kwa uwiano kamili, hivyo huchorwa ukutani nyuma ya meza, huku majengo yaliyo karibu na ukuta huo yakipunguzwa zaidi ili jicho lisigundue mpaka.

Hesabu hizo zote zinathibitisha jambo moja: jengo dogo lina thamani ya kumbukumbu pale tu linapotokana na vipimo vya jengo kubwa, na thamani hiyo huongezeka jengo kubwa linapotoweka. Malungu yaliyobaki Ufipa ni udongo uliosimama wazi juani na mvuani, na kila masika hupunguza kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha kwa kukumbuka tu. Kazi ya kuyapima haihitaji zana kubwa kuliko futi kamba, daftari na kamera, nayo inaweza kufanywa na walimu na wanafunzi wa shule zilizo karibu nayo, mradi pasichimbwe wala kuguswa kitu bila idhini ya mamlaka za mambo ya kale. Vipimo vikishapatikana, mfano wa milimita 34.5 unaweza kutengenezwa mahali popote na wakati wowote, lakini visipochukuliwa mapema, hata mjenzi hodari kuliko wote atakuwa anabuni tu.