Fundi wa Chokoleti na Duka Lake

Mwezi wa Oktoba mwaka 1911, katika mji wa Sheffield, mji uliokuwa mashuhuri kwa visu na chuma cha pua kuliko kwa utamu wa namna yoyote, Joseph William Thornton, ambaye riziki yake ilikuwa kuzunguka akiuza peremende za kampuni ya wengine, alifungua duka dogo kwenye pembe ya mitaa miwili, akamweka mwanawe Norman, kijana wa miaka 14, alisimamie. Kutokana na duka hilo lilizaliwa jina la Thorntons, ambalo, kwa zaidi ya karne moja, lilikuwa kwa Waingereza wengi sawa na zawadi ya Krismasi, ya Pasaka, ya mama na ya mchumba. Mwezi Machi mwaka 2021 wenye jina hilo walitangaza kwamba maduka yote 61 yaliyokuwa yamebaki yatafungwa, na kazi za watu wapatao 600 zikawa hatarini. Jina halikufutwa, kwani makasha yake yaliendelea kuuzwa katika supamaketi. Kilichokufa ni duka, na duka ndilo nitakalo kulisifu hapa, pamoja na mengine ya jamii yake yaliyokuwa yakipamba barabara kuu za miji ya Uingereza, kwa kuwa naamini ndani yake ilikaa sanaa adhimu isiyoweza kufungwa katika kasha na kupelekwa kwingine.

Asiyeijua kazi hii hudhani kuwa chokoleti huyeyushwa, ikamiminwa, ikaganda, basi. Lakini mafuta ya kakao yana tabia ngumu kuliko mafuta mengi tuyajuayo: yanapoganda yaweza kujipanga katika fuwele za namna sita, na katika namna hizo ni moja tu, ile ya tano, iwezayo kuipa chokoleti uso unaong'aa, mlio mkavu inapovunjwa, na ile hali ya kuwa thabiti mkononi lakini kuyeyuka mara iguswapo na ulimi. Kazi ya fundi ni kuzikaribisha fuwele za namna hiyo na kuzifukuza nyingine zote. Kwa ajili hiyo huipasha moto chokoleti nyeusi mpaka nyuzi 45 na zaidi, hata kila fuwele iyeyuke. Kisha humwaga sehemu iliyo kubwa juu ya meza ya marumaru, akaitandaza kwa mwiko bapa wa chuma, akaikusanya, akaitandaza tena, hali macho yake hayabanduki kwenye rangi na uzito wake, mpaka ikaribiapo nyuzi 27 na kuanza kushikamana. Ndipo huirudisha katika chombo, akaichanganya na ile iliyobaki na moto wake, na kuipandisha taratibu hadi nyuzi 31 au 32. Ikizidi hapo kidogo, fuwele njema huyeyuka pamoja na taabu yote. Ikipungua, chokoleti hukataa kutiririka. Na adhabu ya kosa haikawii: baada ya siku chache uso hupauka ukatoka madoa ya kijivu, yasiyo na madhara kwa mlaji lakini yenye fedheha kubwa kwa aliyeifanya. Vipimajoto vipo, na mafundi huvitumia, lakini walio wakongwe hugusisha tone dogo chini ya mdomo, mahali ambapo ngozi ni nyepesi kuhisi, na tone hilo likiwa baridi kidogo kuliko mwili, hujua kwamba wakati umewadia.

Hapo huanza kazi ya kuvika. Vijiini vimekwisha kupangwa: vingine ni vya lozi zilizosagwa na sukari, vingine ni vya sukari iliyochemshwa mpaka nyuzi 115 hivi, ikamwagwa juu ya marumaru na kusukwasukwa hata maji yake meupe ya kioo yakageuka kuwa lahamu laini, ikatiwa harufu ya waridi au ya urujuani. Fundi hukitumbukiza kijiini kimoja, hukiokota kwa uma mwembamba wenye meno mawili au matatu, hugonga uma ukingoni ili ziada ianguke, hukilaza juu ya karatasi, na kabla uso haujaganda huchora juu yake alama: mstari, kitanzi, wimbi, nukta. Alama hiyo haikuwa pambo tu. Ilikuwa lugha ya duka, kwani kwayo muuzaji aliweza kujua, pasipo kuivunja chokoleti hata moja, ipi ina waridi na ipi ina kahawa, naye mzee aliyeogopa njugu aliweza kuhudumiwa kwa amani. Pembeni ya chokoleti hizo zilikaa sinia za tofi, iliyopikwa kwa siagi, sukari na maziwa, ikavunjwa kwa nyundo ndogo mbele ya mnunuzi na kupimwa kwenye mizani. Yeyote wa Unguja, wa Mombasa au wa Maskati aliyepata kusimama karibu na mpishi wa halua, akaona mkono wake unavyoufuata mwiko saa nzima bila kuukimbiza wala kuuchelewesha, hana haja ya kuelezwa zaidi ninamaanisha nini nisemapo kwamba utamu unaopikwa kwa macho ya watu ni utamu wa daraja nyingine.

Maduka haya yalikuwa na nasaba ndefu. Mwaka 1824, katika mtaa wa Bull Street mjini Birmingham, John Cadbury alikuwa akiuza chai na kahawa, na pamoja navyo kakao na chokoleti ya kunywa aliyoitwanga mwenyewe kwa kinu na mchi; kiwanda kikubwa cha Bournville, kilichokuja baadaye na kulieneza jina lake dunia nzima, ni mjukuu wa kinu hicho. Mwaka 1847 jamaa ya Fry ya Bristol walifaulu kuifanya chokoleti iwe kipande cha kuuma, ilhali kabla yake ilikuwa kinywaji zaidi. Mwaka 1875 bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Charbonnel, aliyetoka katika nyumba ya chokoleti ya Boissier ya Paris, alishirikiana na Bibi Walker kufungua duka katika Bond Street, London, kwa kutiwa moyo na mwana wa malkia aliyekuja kutawala kwa jina la Edward VII. Wakati wa vita, tangu Julai 1942, serikali iligawa peremende na chokoleti kwa kipimo, na ijapokuwa vita vilikwisha mwaka 1945, kipimo hicho hakikuondolewa kabisa mpaka Februari 1953, siku ambayo watoto kwa watu wazima walijaa milangoni mwa maduka kana kwamba ni sikukuu. Kizazi kilichosimama katika milango ile ndicho kilichoyalisha maduka ya chokoleti kwa miaka 40 iliyofuata, wala sishangai, maana aliyenyimwa kitu utotoni hukinunua kwa taadhima akiisha kukua.

Nikiulizwa ni jambo gani moja ningeliokoa kama ningepewa uwezo wa kuokoa moja tu, nisingetaja kijiini chochote, ningetaja yai la Pasaka lenye jina. Katika maduka ya Thorntons mnunuzi alichagua yai, akalitamka jina la mtoto wake, na msichana aliyekuwa nyuma ya kaunta akachukua kifuko chenye ncha, kilichojaa sukari nyeupe iliyokorogwa, akaliandika jina hilo kwa hati ya mtiririko juu ya uso wenye kupinda, pasipo kufuta, kwani hapakuwa na nafasi ya kufuta. Huenda yai lenyewe lilitoka katika kalibu za kiwanda, likifanana na maelfu ya ndugu zake. Lakini tangu jina lilipokauka juu yake likawa halina mfano, na mtoto aliyelipokea alijua kwamba palikuwa na mtu mzima, mahali fulani mjini, aliyetulia kwa dakika moja na kumfikiri yeye. Watu waliojifunza kazi hiyo walifunzwa mkono, siyo mashine tu, na wengi wao hawakuhesabiwa kuwa mafundi na mtu yeyote. Mimi nawahesabu.

Sasa kwa nini duka likafa? Sababu zinazotajwa zote zina ukweli: pango la majengo ya barabara kuu, kodi ya majengo ya biashara, ununuzi wa mtandaoni, na maradhi ya Korona, ambayo kwa biashara hii yalikuja katika majira mabaya kuliko yote. Pasaka ya mwaka 2020 iliangukia tarehe 12 Aprili, watu wakiwa wamefungiwa majumbani. Ya mwaka 2021 iliangukia tarehe 4 Aprili, na maduka yaliyohesabiwa kuwa si ya lazima yaliruhusiwa kufunguliwa tarehe 12, siku nane baada ya sikukuu kupita. Lakini gonjwa hilo lilimkuta mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani. Tangu mwaka 2011 kampuni ya Thorntons ilikuwa imetangaza mpango wa kufunga maduka 120, na pengine 60 zaidi, kadiri mikataba ya pango itakavyokwisha, huku ikiongeza bidii ya kuuza katika supamaketi. Na mwaka 2015 ilinunuliwa na Ferrero ya Italia kwa pauni milioni 112.

Simlaumu mnunuzi. Mtu mwenye watoto watatu na mshahara mdogo, akiliona kasha lile lile kwa bei nafuu kando ya maziwa na mkate anaoununua, ana haki ya kulichukua. Lawama yangu ni kwa uamuzi wa kuliweka pale. Duka la chokoleti halikuwa na bidhaa moja bali mbili, chokoleti na fundi, na mwenye mali alipoitenga chokoleti na fundi wake akaipeleka mahali ambapo hakuna ajuaye ilitengenezwa vipi, alilifundisha taifa zima kwamba kasha ndilo kila kitu. Baada ya somo hilo, nani angekuwa na sababu ya kutembea mpaka barabara kuu? Hotel Chocolat, iliyofungua duka lake la kwanza mwaka 2004 na kurudisha uhai kidogo katika biashara hii, nayo mwishoni mwa mwaka 2023 ilikubali kununuliwa na Mars kwa pauni milioni 534, na maduka yake yangaliko. Nawatakia wamiliki wapya hekima ambayo wengine hawakuwa nayo.

Habari hii hainihusu kwa mbali. Kakao hulimwa Kyela, mkoani Mbeya, hulimwa Bundibugyo, Uganda, na hulimwa mashariki ya Kongo. Na mkulima alipasuaye tunda, akazilundika mbegu na kuzifunika ili zichachuke kwa siku kadhaa, kisha akazianika juani akizigeuza kwa mkono, ndiye fundi wa kwanza wa chokoleti, kwa kuwa mbegu isiyochachuka vema haiwezi kuponywa na ustadi wowote wa Ulaya. Mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zitoazo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, yalipodorora, bei ambayo kwa miaka mingi ilikuwa baina ya dola 2,000 na 3,000 kwa tani ilipaa hata ikapita dola 12,000 mwezi Desemba 2024. Kiwanda kikubwa kina njia za kuukimbia mzigo huo: hupunguza ukubwa wa kipande, hupunguza kakao, huongeza mafuta mengine na sukari. Fundi mwenye duka hana pa kukimbilia, kwa maana mteja wake anamjua kwa uso.

Wapo wanaoendelea. Bettys ya Yorkshire, iliyoanzishwa Harrogate mwaka 1919 na Mswisi aliyejiita Frederick Belmont, imekataa kufungua matawi nje ya jimbo lake, na naona kwamba uhai wake umetokana kwa sehemu kubwa na kukataa huko. Katika miji mingine mafundi mmoja mmoja wamekodi vyumba vidogo, meza ya marumaru ikiwa karibu na dirisha ili mpita njia aone. Bei yao ni kubwa, na watu hulalamika. Lakini katika bei hiyo mna kakao, mna pango la barabara kuu, mna kodi, mna asubuhi nzima ya mtu aliyesimama mbele ya marumaru akingoja nyuzi 31, na mna miaka aliyoitumia kujifunza kuzitambua nyuzi hizo kwa mdomo. Mimi nasema ni bei ya haki, na mwenye uwezo wa kuilipa, hata kama ni mara moja kwa mwaka na kwa chokoleti nne tu, aende akailipe dukani, ambako aliyeitengeneza yupo na anaweza kuulizwa.