Mwalimu Alikuwa na Swali Moja, Akauliza Mawili

Mliokuwepo chini ya mwembe wa kijiweni Jumapili mliona wenyewe, kwa hiyo sisimulii mjadala mzima. Naanzia pale Mzee alipoweka kikombe chini, akatazama ng'ambo ya barabara, akanyamaza. Kwangu mimi mechi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni Mwalimu kufunga mdomo wake. Akashindwa.

"Na pia," akasema, "ile barabara mliyotuahidi imefikia wapi?"

Na pia! Miaka yote niliyokaa kwenye benchi lile sijaona mtu aliyebanwa akifunguliwa kwa maneno mafupi namna ile. Vijana wa bodaboda wiki nzima wanamsifu Mzee kwa uzoefu wake. Uzoefu gani? Mzee alikuwa ameshaishiwa. Aliyemtoa shimoni ni yuleyule aliyemsukumia humo.

Tuliweke swali lenyewe mezani. Mazungumzo yalianzia kwenye mchango wa darasa katika kijiji kimoja cha jirani, jina nalihifadhi kwa sababu wenyewe hawapo kujitetea. Mzee aliwahi kukaa kwenye halmashauri ya kijiji hicho, na mpaka leo ukiwagusa wenzake umemgusa yeye. Mwalimu akamuuliza: mapato na matumizi yalisomwa lini mara ya mwisho mbele ya wananchi? Basi. Kila mtu kijiweni anajua mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na kila mtu anajua kwamba jibu la swali hilo ni tarehe. Tarehe haina mchakato. Haina upembuzi yakinifu wala "kadiri fedha zitakavyopatikana". Unaitaja, au umeisahau, au haipo.

Swali kama hilo ni adimu hapa Berega. Maswali yetu mengi ni hotuba, mtu akichoka anaiwekea "au siyo?" mwishoni. Mzee anayapenda hayo. Unampa hotuba, naye anakupa hotuba, giza linaingia, kila mtu anakwenda kwake ameshinda.

Kazi ya Mwalimu kabla ya hapo ilikuwa safi. Mzee alipotoa mbona ya kwanza, kwamba mbona chama cha kina Mwalimu hesabu zake hazionekani, Mwalimu alisema hilo ni deni na atalilipa, akarudi kwenye "lini". Alipopelekwa kwenye habari za Gairo, hakupanda gari. Ilipotajwa Yanga alitabasamu tu, na msimamo wangu mnaujua: ukisikia Simba au Yanga imeingia katikati ya mjadala wa michango, ujue kuna mtu amebanwa.

Kisha ikaja ile ya ujomba. "Mimi mjomba wako, leo unanihoji mbele za watu?" Kwetu Ukaguru ukoo unafuata mama, na mjomba si mtu wa kuchezewa. Vijana wengi wakipigwa na hiyo hunywea, au hupandisha sauti, na vyovyote iwavyo mjadala unageuka kuwa wa adabu, michango imesahaulika. Mwalimu akainama kidogo: "Shikamoo mjomba. Ndiyo maana nimekuuliza wewe, sikwenda kuuliza kwa watu baki." Nililipenda jibu lile. Limempa mzee heshima yake yote na swali limebaki palepale.

Ndipo Mzee akaweka kikombe chini.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu vijana hawakupaona. Walikuwa wanasubiri neno, na hapakuwa na neno. Mama lishe alikuwa ameshika chupa ya chai juu ya kikombe cha mtu, hamimini. Mmoja wa bodaboda alizima injini aliyokuwa ameiwasha. Kimya kilidumu kama muda wa kumenya muhogo mmoja. Mzee alipangusa goti, akapangusa la pili. Mtu anayepangusa goti la pili hana jibu. Angeachwa kidogo tu angesema mojawapo ya mambo mawili: "sikumbuki," au "haijasomwa." Yote mawili ni majibu.

Kimya kile kilimuuma Mwalimu kuliko kilivyomuuma Mzee. Hilo ni gonjwa la wasomi wetu. Kimya wanadhani ni kazi haijafanyika, na darasani pengine ni kweli. Kijiweni kimya ndicho kinachofanya kazi, wewe umeshamaliza. Akakijaza na barabara.

Tazameni sasa alichokifanya. Swali la kwanza lilikuwa la Mzee mwenyewe, mambo aliyoyaona kwa macho yake akiwa ndani ya halmashauri ya kijiji. Swali la pili lilikuwa na mlango wazi. Barabara za vijijini zina wakala wake, TARURA, tangu mwaka 2017, na Mzee, bila kusema uongo hata nukta, akasema waulizwe TARURA. Damu ikamrudi usoni. Aliinua kikombe! Akaanza na mvua, akaenda kwenye daraja, akapita kwenye treni ya umeme inayosimama Kilosa, akaturudisha hadi enzi za kupanda basi Dumila umesimama. Mengi ni ya kweli na mengine nilikuwa siyajui. Robo saa baadaye hakuna aliyekumbuka neno "lini", Mwalimu mwenyewe akiwemo, maana nilimsikia akibishana kuhusu kina cha mto.

Kuna wanaomtetea. Wanasema alitaka kumbana pande mbili. Ndugu zangu, mtu mmoja ukimpa maswali mawili umempa kuchagua, na hajazaliwa mtu atakayechagua gumu. Wengine wanasema Mzee angekwepa tu kwa namna nyingine. Pengine. Lakini angekwepa kwa jasho lake, wala asingekwepa kwa gari alilokodiwa na mpinzani wake.

Tabia hii tumeitoa wapi? Nimelisema hili mara nyingi na mnaniona mkorofi, nalisema tena: tumeitoa Bungeni. Mbunge akishajibiwa swali la msingi husimama na kuomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza. Kanuni inamruhusu mawili, basi anayatumia yote, kama mtu aliyepewa vipande viwili vya nyama. Waziri husimama, hulishika lile jepesi kwa mikono miwili, humpongeza mbunge kwa namna anavyofuatilia maendeleo ya jimbo lake, na lile gumu hulimalizia kwa nusu sentensi au huliacha lianguke lenyewe. Spika anamwita mwingine. Tumesikiliza hayo redioni tangu tukiwa watoto, tumeamini ndivyo watu wazima wanavyoulizana. Hata yale maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, yaliyoanza enzi za Spika Samuel Sitta na ambayo mimi niliyapokea kwa shangwe, mara nyingi yalianza na dibaji ndefu mpaka papo yenyewe ikaisha.

Wakubwa zaidi mtaniambia kuhusu Mwalimu yule mwingine, wa Butiama. Sawa, tumtaje. Mwaka 1995 alipozungumza na waandishi pale Kilimanjaro Hotel, alishika picha moja, nyumba iliyopata tetemeko na kuonyesha nyufa, akakaa nayo. Hakuiacha akaenda kwenye shamba, halafu kwenye jahazi. Na kwa kuwa ndiye aliyetafsiri *Mabepari wa Venisi*, alijua siri ya Portia kule mahakamani: humkatalii mtu madai yake, unamkubalia yote, kisha unambakizia sharti moja tu ambalo hawezi kulipita. Moja. Portia angekimbilia "na pia" kabla sharti hilo halijafanya kazi, Antonio angekatwa nyama yake.

Lakini bingwa wangu mimi alikaa kwenye benchi letu. Wachache mnamkumbuka Karani, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Kimamba, akaja kuzeekea huku. Huyu alizoea kuhesabu mafungu ya mkonge, na mtu akileta fungu pungufu hakumwita mwizi, alimuuliza, "Limebaki wapi?", akaweka kalamu chini. Kijiweni alifanya vilevile. Aliuliza swali moja kwa sauti ya chini, akaanza kutafuta ugoro wake mfukoni. Alikuwa anautafuta muda mrefu sana. Baadaye nilikuja kujua ugoro ulikuwa siku zote katika mfuko uleule.

Na kitu kingine ambacho Mwalimu hakukifanya: Karani alikuwa anamwachia mtu mlango wa kutokea. "Kama umesahau sema umesahau, mzee mwenzangu, tutamuuliza mtendaji." Kumbukeni kwamba watu wengi kijiweni hawakimbii swali kwa ubaya. Wanakimbia aibu ya kuonekana hawajui mbele ya wajukuu na watani. Ukimfungia mtu milango yote atavunja ukuta, na ukuta wenyewe utakuwa wewe. Mzee Jumapili alihitaji mlango mmoja mdogo wa kusema "sikumbuki", Mwalimu akamfungulia geti zima la TARURA.

Mtu wa mjini atanitajia yule mtangazaji wa BBC, Jeremy Paxman, aliyemuuliza mwanasiasa Michael Howard swali lilelile zaidi ya mara kumi mwezi Mei 1997. Ndiyo, palikuwa na kazi pale. Lakini Paxman mwenyewe alikuja kusema aliendelea kurudia kwa sababu kipindi kilichofuata kilikuwa hakijawa tayari. Na London unamwaga swali mara kumi halafu unakwenda kwako. Hapa kesho yake unakutana na mtu huyohuyo kwenye foleni ya maji, kesho kutwa msibani. Mara tatu zinatosha. Ya nne ni ugomvi.

Wa karibu zaidi ni Wakenya. Tarehe 11 Februari 2013, kwenye mdahalo wa wagombea urais pale Brookhouse, Nairobi, Uhuru Kenyatta aliulizwa angeongozaje nchi huku ana kesi The Hague. Akalifanya jambo la taifa kuwa changamoto yake binafsi. Chenga nzuri, nakiri. Kitu cha binafsi kina pazia. Lakini swali lilikuwa bado limesimama, na mwongoza mdahalo, Linus Kaikai, hakuwa mtu wa kuliachia. Kilicholiangusha, kwa maoni yangu, ni mzaha wa Raila Odinga kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Ukumbi ukacheka, nchi ikacheka, mimi nilicheka. Kicheko kikishatoka kila mtu anajisikia jibu limepatikana. Mwezi uliofuata Kenyatta alikuwa amechaguliwa.

Nalitaja hilo kwa sababu ya bodaboda wetu na utani. Sisi Wakaguru utani umeandikwa mpaka vitabuni; Thomas Beidelman, Mmarekani aliyekuja Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliutafiti utani wetu na kuuandika. Utani ni mali. Lakini Jumapili, katikati ya kimya kile, mtani wake Mzee alianza kutengeneza mdomo wa kusema kitu kuhusu mazishi yake, na mimi nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa makusudi na sijamwomba radhi. Nilitaka kimya kifanye kazi. Kumbe nilikuwa nailinda nyumba mlangoni, moto uko jikoni.

Nilimfuata Mwalimu baadaye, tukaenda naye hadi karibu na hospitali. Nikamwambia. Akasema anajua, ila alimwonea Mzee huruma, mjomba wake alivyokuwa anapangusa magoti. Hilo sikulitegemea, na kwa hatua kadhaa sikuwa na la kusema. Kisha nikamwambia huruma ilikuwa na neno lake tayari, "kama umesahau sema umesahau," na kwamba barabara haikuwa huruma. Akatikisa kichwa. Akaniambia amejifunza, na Jumapili hii amejiandaa vizuri zaidi.

Jana amenionyesha karatasi. Ina maswali saba. Nimemwomba mama lishe asimpe kiti.