Bei Yenye Mchanganuo: Vijiji vya Meru Vilivyojifunza Kuelewana na Mgeni

Ukitaka kuona biashara ndogo ya huduma inavyoelewana na mteja ambaye haijawahi kumwona, usianzie kwenye hoteli kubwa za Arusha. Panda Ng'iresi, kijiji cha Waarusha kilichopo kilomita chache juu ya mji, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wakulima wa huko wamekuwa wakipokea wageni kutoka nchi za mbali. Wanawatembeza kwenye migomba na kahawa, wanawapandisha kilima cha Kivesi, wanawapikia chakula cha mchana, kisha wanawarudisha mjini kabla ya giza. Ni huduma inayotegemea watu tu. Haina jengo la kifahari wala bidhaa ya kufungasha, na mgeni akiondoka amenuna hakuna cha kumfidia.

Kazi hiyo ilianza chini ya Mpango wa Utalii wa Utamaduni, ulioanzishwa na shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, kwa kushirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania. Vijiji vya mwanzo vilikuwa kaskazini: Longido upande wa Namanga, na kuuzunguka Meru wenyewe Ng'iresi, Ilkiding'a na Mulala. Wafadhili waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, shughuli zikabaki mikononi mwa wenyeji. Miradi mingi ya aina hiyo hufa gari la mfadhili likishaondoka. Hii haikufa, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni namna bei ilivyopangwa na kuelezwa. Uzuri wa mandhari unakuja baada ya hapo, kwa sababu mandhari nzuri Tanzania iko kila mahali.

Fikiria mteja mwenyewe yuko katika hali gani. Mgeni anayeshuka basi Arusha huzungukwa na vijana wa mtaani kabla hata hajachukua begi lake, kila mmoja akimuuzia safari, kila mmoja na bei yake. Akifika Mnara wa Saa ameshasikia bei nne za kitu kimoja. Kuanzia hapo haamini mtu. Ukimtajia jumla, hata iwe ya haki kabisa, ataiona kama jumla nyingine ya kubambikiwa. Hajui bei halisi ya kutembezwa kijijini ni kiasi gani, na hana pa kulinganisha.

Mpango ule ulijibu tatizo hilo kwa karatasi. Kila kijiji kilikuwa na kipeperushi chake, na vipeperushi hivyo vilipatikana kwenye ofisi ya taarifa ya Bodi ya Utalii, Barabara ya Boma, katikati ya mji. Ndani yake yalielezwa matembezi yaliyopo, yanachukua muda gani, na bei ikiwa imechanganuliwa: hiki ni cha muongozaji, hiki cha mratibu, hiki cha kinamama wanaopika, na hiki cha mfuko wa maendeleo wa kijiji. Mgeni aliweza kuona shilingi yake inakwenda wapi kabla hajaitoa mfukoni.

Tuufanyie hesabu mchanganuo huo, maana ufundi wenyewe uko hapo. Tuchukue viwango vya mfano tu: muongozaji shilingi 30,000 kwa kikundi kizima, mfuko wa kijiji 10,000 kwa kila mgeni, chakula 15,000 kwa kila mgeni. Wageni wawili watalipa 80,000, yaani 40,000 kila mmoja. Wakiwa wanne watalipa 130,000, yaani 32,500 kila mmoja. Wale wawili wakikutana mjini na wale wanne, wakaulizana walilipa kiasi gani, hakuna atakayesema ameibiwa, kwa sababu karatasi inaonyesha kwamba gharama ya muongozaji haibadiliki hata akimtembeza mtu mmoja. Anayetaja "40,000 kwa kichwa" bila maelezo ataonekana tapeli siku akimtoza mwingine 32,500, ingawa hesabu zake ni safi.

Kuna faida nyingine. Mteja akisema "punguza kidogo", mwenye biashara asiye na mchanganuo hana la kufanya ila kukata kutoka kwenye riziki yake au kukataa na kuonekana mgumu. Mwenye mchanganuo anaweza kusema: sawa, tuondoe chakula, utalipa 50,000 kwa wawili. Bei imeshuka na kazi imepungua kwa kiasi hichohicho. Wote wawili wameheshimiana. Nimewaona mafundi wazuri wa mjini wakichoka na kazi yao kwa sababu ya punguzo la aina ile ya kwanza, ambalo mteja hulipokea leo na kesho akalifanya kuwa bei ya kawaida.

Fungu la kijiji nalo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Huko Ng'iresi liliingia katika shule ya msingi, huko Longido katika josho la ng'ombe. Mgeni akipita akaona darasa, anaelewa. Lakini mwenyeji ambaye hapati senti moja kwa moja kutokana na utalii anaelewa zaidi. Mzee ambaye njia inapita pembeni ya shamba lake, mama anayechota maji wakati wageni wamesimama kumtazama, hao nao ni washirika katika huduma hii. Wakikasirika, matembezi yameharibika. Ndiyo maana muongozaji mzuri huwaeleza wageni mapema, kabla hawajaingia kwenye boma la mtu: usipige picha bila kuomba, subiri mzee asalimiwe kwanza, usigawe pipi wala pesa kwa watoto njiani. Maneno hayo ya dakika tano huokoa aibu ya siku nzima, na mgeni huyapokea vizuri kwa sababu ameambiwa kabla hajakosea. Akiambiwa baada ya kukosea, hata kwa upole, anajisikia amekemewa.

Jambo jingine ni mratibu. Kila kijiji kilikuwa na mtu mmoja wa kujibu. Muongozaji akichelewa, chakula kikikosekana, mvua ikikatisha safari, mgeni anajua amwambie nani. Kwenye biashara nyingi ndogo mjini kwetu hali ni kinyume: mteja anampigia mwenye duka, mwenye duka anasema muulize kijana, kijana anasema bosi ndiye anajua. Hakuna kinachomchosha mteja kama kuzungushwa, na mara nyingi kosa lenyewe lilikuwa dogo.

Mvua ndiyo mtihani halisi wa mfumo huu. Kati ya Machi na Mei udongo wa miteremko ya Meru unateleza, na njia ya kilimani si ya kumpeleka mtu mwenye viatu vya mjini. Anayeifahamu kazi humwambia mteja siku ya kuweka miadi, si asubuhi ya safari mawingu yakiwa yameshashuka: mvua ikinyesha hatutapanda, tutakaa jikoni na kinamama, tutapika pamoja loshoro, chakula cha kienyeji, na bei ni ileile au itapungua kiasi hiki. Mteja akilikubali hilo mapema, mvua ikinyesha kweli hahisi kwamba ameporwa kilima.

Upande wa pili wa mlima kuna biashara ngumu zaidi, nayo inatufundisha mchanganuo unapokosekana inakuwaje. Kampuni ndogo za Arusha hupandisha watu Meru, mita 4,566, kutoka lango la Momella kupitia kituo cha Miriakamba na kituo cha Saddle, kwa siku tatu au nne. Ndani ya bei moja kuna ada za hifadhi, malazi ya vituoni, askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo, wapagazi, mpishi, chakula na usafiri. Mteja aliyetajiwa jumla tu hajui kwamba askari mmoja huweza kuongoza watu wa kampuni mbili tatu kwa pamoja, kwa hiyo asubuhi watasubiriana. Anafika langoni, anasubiri, anaanza kulalamika kwamba alilipia safari ya peke yake. Hajui pia kama bahshishi ya wapagazi imo au haimo, na jambo hilo hugunduliwa siku ya mwisho, miguu ikiuma, mahali pabaya kabisa pa kuanza kujadili pesa.

Ada za hifadhi zina shida yake. Hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, na zikishalipwa haziko tena mikononi mwa kampuni. Mteja akighairi siku mbili kabla ya safari na kudai arubuni yake yote, kampuni haina pa kuitoa ila mfukoni mwake. Mwaka 2020, korona ilipoingia, uliwafundisha wengi hilo kwa ukali. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki 6, na wenye ofisi ndogo walijikuta wanadaiwa arubuni ambazo zilishakwenda kwenye mahoteli na mishahara. Walioandika tangu mwanzo ni sehemu gani ya arubuni inarudishwa, ipi hairudishwi na ipi inaweza kusogezwa kwenye tarehe nyingine, walikuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo. Wengine walibaki na ujumbe wa simu wenye tafsiri mbili.

Mfumo wa vijiji nao una tundu, na ni haki kulitaja. Mgeni anapoletwa na kampuni ya mjini badala ya kuja mwenyewe, ahadi hutolewa na mtu mmoja na kazi hufanywa na mwingine. Kampuni imemwambia ataona kila kitu kwa nusu siku, kijiji kinajua nusu siku ni ya njia moja tu. Kampuni imechukua fedha yote, na mchanganuo haukufika machoni pa mgeni. Anayelaumiwa ni muongozaji aliyesimama mbele yake. Dawa yake ni mratibu kudai kuzungumza na mgeni mwenyewe kabla ya siku ya safari, au angalau kumtumia ile karatasi kwa simu. Kampuni isiyotaka mgeni aione karatasi hiyo, bora kijiji kiikose.

Haya si ya utalii peke yake. Fundi cherehani wa Kaloleni, mjini Arusha, anaweza kuandika kwenye daftari, mteja akiwa amesimama palepale: kitambaa cha nani, ushonaji kiasi gani, zipu na bitana kiasi gani, siku ya kujaribisha, siku ya kuchukua, arubuni iliyotolewa. Fundi gari anaweza kutenganisha bei ya spea na bei ya ufundi, na kumpigia mteja kabla ya kufungua kitu ambacho hakikuwa kwenye makubaliano. Wote wawili wataongeza dakika kumi kwenye kila kazi, na watajiondolea ubishi wa saa nzima wakati wa kukabidhi.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia utalii wa utamaduni mkoani Arusha, na kwa vijiji vyenyewe. Bei mpya zichanganuliwe kama zile za mwanzo, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, zibandikwe palipo wazi na zitumwe kwenye simu ya kila anayeweka miadi. Na wewe mwenye ofisi ndogo, mteja wako wa kesho asubuhi mpe mchanganuo kabla hajakuuliza.