"Laini" Isiyo Laini: Tahakiki ya Istilahi za Maada za Sumaku

Ipo mbele yangu rasimu ya tafsiri ya ikisiri ya utafiti wa shahada ya uzamivu, uhusuo maada za sumaku zitumikazo katika elektroniki ya nguvu. Mfasiri amefanya kazi kwa juhudi na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo zimo istilahi tatu ambazo hatuna budi kuzihakiki sasa, maana istilahi ikisha kupigwa chapa ni taabu kuing'oa.

Kwanza yafaa kuufahamu utafiti wenyewe. Elektroniki ya nguvu ni fani ya kuugeuza umeme kutoka hali moja hadi nyingine kwa swichi zisizo na kiungo chochote kisogeacho, kama inveta iugeuzavyo umeme wa betri ya sola uwe umeme wa kuwashia televisheni. Umeme wa gridi yetu una hezi 50. Lakini ndani ya mitambo hii swichi huweza kufungwa na kufunguliwa makumi elfu ya mara kwa sekunde. Koili huzungushiwa kiini cha maada ya sumaku, na kiini hicho kikiwa pande tupu la chuma huzaa mikondo ya umeme ndani yake na kupata joto bure. Ndiyo sababu watafiti huchukua chembe za chuma, wakafunika kila chembe kwa utando usiopitisha umeme, kisha wakazishindilia ziwe kiini kimoja.

Maada ya namna hiyo mfasiri ameiita "mchanganyiko wa sumaku". Neno hilo ni pana mno. Hata chumvi iliyoyeyuka katika maji ni mchanganyiko. Hapa kila chembe hubaki chembe, wala utando hauyeyuki ndani ya chuma. Kiswahili kinalo neno "mseto": katika chungu cha mseto mchele huonekana na choroko huonekana. Limekwisha kuzoeleka katika kilimo mseto, na tangu mwaka 2006 wananchi wamelipokea katika dawa mseto ya malaria. Basi na tuseme "maada mseto ya sumaku".

Ile mikondo ya ndani ameiita "mikondo ya edi". Si kosa, ila ni ganda tupu. Wafaransa huiita kwa jina la Léon Foucault, aliyeigundua mwaka 1855. Wajerumani huiita kwa neno la kuzunguka. Aliyeuona uwanja wa Shinyanga wakati wa kiangazi hahitaji kuazima, kwani kisulisuli anakijua. Napendekeza "mikondo ya kisulisuli".

Istilahi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Rasimu yasema "sumaku laini" na "sumaku ngumu". Nilimsomea sentensi hiyo fundi mmoja wa kusuka mota katika kata ya Kambarage, mjini Shinyanga, ambaye huletewa mota za makarasha ya dhahabu. Alinyanyua kiini cheusi cha feriti kilichotoka katika chaja mbovu, akauliza: "Ndugu, kama hiki ni laini, mbona mwenzake aliponidondoka alivunjika kama kigae?"

Swali lake lina haki. Feriti, iliyogunduliwa na Yogoro Takei na Takeshi Kato huko Tokyo mwaka 1930, huchomwa katika tanuri kama chombo cha mfinyanzi, nayo ni ngumu na yenye kuvunjika upesi. Waingereza walipoyachagua maneno yao walikuwa wakizungumzia chuma laini, ambacho hushika na kuacha usumaku kwa urahisi, na chuma cha pua kilichofanywa kigumu, ambacho huung'ang'ania. Zama hizo ulaini wa mkono na ulaini wa sumaku uliandamana. Feriti iliuvunja uhusiano huo, lakini neno la Kiingereza likabaki. Sisi tuna sababu gani ya kurithi ajali hiyo ya kihistoria? Karani wa ghala la mgodi akisoma "laini" katika orodha ya vipuri, yumkini atakirundika kiini hicho chini ya vyuma vizito.

Shuleni tumezoea "sumaku ya muda" na "sumaku ya kudumu". Maneno hayo ni mazuri, lakini yahusu kitu kilichokwisha kuwa sumaku, si tabia ya maada. Mimi naona maada iushikayo na kuuacha usumaku kwa urahisi iitwe "maada tiifu", na ile ing'ang'aniayo iitwe "maada kaidi". Sumaku ambayo mchimbaji mdogo wa Geita huipitisha juu ya mchanga mweusi, ili iondoe chembe za chuma na kuiacha dhahabu, imetengenezwa kwa maada kaidi. Ingalikuwa tiifu isingalimfaa kitu. Watakuwapo watakaosema kwamba utii na ukaidi ni tabia za watu. Lakini fundi husema kila siku kwamba nati imekataa, wala hakuna adhaniaye kuwa nati ina nia.

Kuhusu "elektroniki ya nguvu" yenyewe, naipitisha kwa shingo upande, kwa kuwa neno "nguvu" limekwisha kubebeshwa mizigo mingi katika fizikia yetu.

Rasimu nimemrudishia mfasiri pamoja na maelezo haya. Akiwa na neno lifaalo zaidi ya "kaidi", alilete kabla orodha haijafungwa.